Mwendokasi au reli nyepesi kwa Mbeya? Jibu kwa mwenye Coaster wa Uyole

*“Habari za kazi, mtaalamu. Ninaishi Uyole. Nina Coaster mbili zinazokwenda Uyole hadi Mbalizi, na fremu tatu za biashara kando ya barabara kuu pale Ilomba. Kwenye kikao cha mtaa wetu yalizuka mabishano makali. Mjumbe mmoja alisema Mbeya isirudie makosa ya Dar es Salaam ya kujenga mwendokasi, yaani mabasi yaendayo haraka, bali iruke moja kwa moja hadi reli nyepesi kama Addis Ababa, kwa sababu treni hubeba watu wengi zaidi, haina foleni, na reli hudumu miaka mingi. Mwingine akasema reli tayari tunayo, ya TAZARA iendayo Zambia, kinachokosekana ni mabehewa tu. Mimi nimebaki njia panda. Benki imekubali kunikopesha ninunue Coaster ya tatu, lakini nikiitazama barabara inavyopanuliwa naingiwa na hofu. Kipi kinaifaa Mbeya, na mimi nijipange vipi?”*

Ndugu msomaji, asante kwa swali lililonyooka. Ndani yake kuna maswali mawili: moja ni la jiji zima, jingine ni la mfuko wako, na jibu la lile la kwanza ndilo linaloamua hili la pili. Niseme mapema ninakosimama. Kwa Mbeya ya leo, na ya miaka ishirini ijayo, sioni hoja ya kujenga reli nyepesi. Naona hoja nzito ya kuyapa mabasi makubwa njia yao wenyewe katika barabara kuu moja, kwa mtindo mwepesi kuliko ule wa Dar es Salaam. Hata hivyo mjumbe wenu hakuropoka. Anayoyasema kuhusu treni yana ukweli, ila ni ukweli wenye masharti, na masharti hayo ndiyo yaliyokosa kujadiliwa kikaoni.

Kwanza tukubaliane tunazungumzia chombo gani. Tangu treni ya umeme ya SGR ilipoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, watu wengi wakisikia reli nyepesi huiwazia ile. SGR ni reli ya masafa marefu, inakimbia hadi kilomita 160 kwa saa na vituo vyake viko mbalimbali. Reli nyepesi ni treni fupi ya mjini, inayotumia umeme wa nyaya za juu, kwa kawaida volti 750, inayosimama kila baada ya mita mia tano hadi kilomita moja hivi, na ambayo mara nyingi hupita katikati ya barabara zilezile za magari na kusubiri taa kwenye makutano yaleyale. Ikipewa njia yake peke yake na kipaumbele kwenye taa, haitaonja foleni. Ikinyimwa, itasimama nyuma ya lori la shaba pale Mafiati kama Coaster yako inavyosimama, tena yenyewe haiwezi hata kukwepa. Kwa hiyo sifa ya kutokuwa na foleni ni ya njia iliyotengwa, na basi lililotengewa njia huipata sifa hiyohiyo.

Suala la kubeba watu wengi zaidi linataka hesabu kidogo. Uwezo wa njia hupatikana kwa kuzidisha vitu viwili: chombo kimoja kinabeba watu wangapi, na kwa saa moja vinapita vyombo vingapi. Basi la kuungana lenye urefu wa mita 18 hubeba watu wapatao 140 likijaa. Likipita moja kila dakika mbili, hayo ni mabasi 30 kwa saa, yaani abiria 4,200 kwa upande mmoja. Treni nyepesi mbili zilizoungwa pamoja zinaweza kubeba watu 400. Zikipita kila dakika tatu, ni safari 20 na abiria 8,000. Hapo treni imeshinda. Lakini basi likipewa nafasi ya kulipita jingine lililosimama kituoni, matokeo hubadilika kabisa. Jiji la Bogotá nchini Kolombia lilianzisha mabasi yake ya TransMilenio Desemba 2000, na katika barabara yake yenye shughuli nyingi zaidi mabasi hayo yamefikia abiria zaidi ya 40,000 kwa saa kwa upande mmoja, kiwango ambacho kwa kawaida reli nyepesi haifikii. Wamelipia mafanikio hayo kwa barabara pana mno, njia mbili za mabasi kila upande, na msongamano wa vituoni ambao wakazi wenyewe wanaulalamikia. Nayaeleza haya ili mwondoe kikaoni dhana kwamba chuma daima hubeba kuliko mpira.

Mbeya inahitaji abiria wangapi kwa saa? Sensa ya 2022 ililikuta jiji na watu wapatao 540,000, lakini idadi ya wakazi peke yake haitoshi. Kinachotakiwa ni idadi ya wanaopita sehemu moja, upande mmoja, katika saa yenye watu wengi kuliko zote, na hesabu hiyo vijana wawili wenye daftari wanaiweza. Wasimame Kabwe kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa moja na nusu asubuhi, wahesabu Hiace, Coaster na bajaji zinazoelekea upande mmoja, na wakadirie zimejaa kiasi gani. Tuseme, kwa mfano wa hesabu tu, wamepata Hiace 100 zenye watu 16, Coaster 40 zenye watu 30, na bajaji 250 zenye watu watatu. Jumla ni abiria 3,550. Idadi hiyo ikiongezeka kwa nusu, bado inabebwa na mabasi ya kuungana yanayopita kila dakika moja na nusu. Tazama pia kwamba bajaji zile 250 zimebeba watu 750 tu, ambao mabasi sita yangewamaliza, wakati zenyewe zimejaza barabara nzima. Sisemi bajaji ziondolewe. Nasema zinafanya kazi isiyo yao, kwa sababu kwenye barabara kuu hakuna chombo kikubwa cha kuifanya.

Kuna jambo moja ambalo wapangaji wa miji hulipa uzito kuliko abiria wanavyodhani, nalo ni kituo. Simama Mwanjelwa uangalie Hiace moja ikishusha. Anayeshuka amekaa kiti cha nyuma, kwa hiyo waliokaa kwenye viti vya kukunja wanateremka kwanza kumpisha, mmoja wao na ndoo ya maparachichi mapajani. Konda anatafuta chenji ya noti ya elfu kumi. Waliokuwa wameteremka wanapanda tena, na ndipo abiria wapya wanaanza kugombea mlango huohuo mmoja. Nyuma yake Hiace tatu zinapiga honi. Muda mwingi unaopotea kati ya Uyole na Mafiati unapotelea hapo, wala si kwenye mwendo. Dawa yake ni nauli kulipwa kabla ya kupanda, sakafu ya kituo kulingana na sakafu ya basi, na milango mitatu mipana inayofunguka kwa pamoja. Hayo yote hupatikana kwenye reli nyepesi na kwenye mabasi yaendayo haraka kwa usawa kabisa.

Sasa tuyaangalie hayo makosa ya Dar es Salaam. Awamu ya kwanza, ya kilomita 21 hivi kutoka Kimara hadi Kivukoni pamoja na matawi ya Morocco na Gerezani, ilianza kubeba abiria Mei 2016, na jiji likapata tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu ya mwaka 2018. Barabara ilijengwa vizuri, na vituo vina nafasi ya basi kulipita jingine. Kilichoharibika ni uendeshaji: mabasi hayakuongezwa kwa kasi ya abiria, na karakana iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la mto Msimbazi, ambako mafuriko yaliyaharibu mabasi. Baadaye barabara ya Mbagala nayo ilikaa muda mrefu imekamilika bila mabasi yake. Hakuna hata moja kati ya hayo lililosababishwa na tairi za mpira. Treni iliyolazwa Jangwani ingefurikiwa vilevile, na mota zake zilizoloa zingegharimu zaidi.

Addis Ababa nako kuna la kujifunza, ila si lile analolisema mjumbe wenu. Reli yao nyepesi, yenye urefu wa takribani kilomita 34 na iliyogharimu dola milioni 475, sehemu kubwa ikiwa mkopo kutoka China, ilizinduliwa Septemba 2015 ikiwa na treni 41. Ilikuwa kazi ya kujivunia, na iliwapa watu wa kipato kidogo usafiri wa nauli nafuu. Miaka michache baadaye zaidi ya nusu ya treni hizo zilikuwa zimesimama kwa kukosa vipuri, ambavyo lazima viagizwe kwa fedha za kigeni, huku nauli ikikusanywa kwa birr, fedha ya Ethiopia, na isifikie gharama. Basi likiharibika Mbeya, fundi wa Mwanjelwa anajua pa kuanzia, na gia, breki na springi zake zina njia za kupatikana. Behewa la reli nyepesi lina kompyuta, vigeuza umeme na magurudumu yanayochongwa kwa mashine maalumu, na mara nyingi mwenye vipuri ni kiwanda kimoja tu duniani. Ni kweli kwamba behewa hudumu miaka 30 na basi miaka 12 hivi. Uimara huo lakini ni wa behewa linalotunzwa.

Hapo ndipo hesabu ya nchi zetu inapotofautiana na ya Ulaya. Ulaya mshahara wa dereva ni gharama kubwa kuliko karibu zote, kwa hiyo dereva mmoja anayeendesha watu 400 ni akiba ya kweli. Kwetu mshahara wa dereva ni sehemu ndogo ya gharama, na kinachouma ni vipuri, riba ya mkopo na dola. Faida kuu ya treni katika uendeshaji inakuwa ndogo kwetu, na hasara yake kuu inakuwa kubwa.

Kisha kuna ardhi yenyewe ya Mbeya. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma hutembea kwa wepesi ajabu, likikutana na ukinzani wa takribani sehemu moja ya kumi ya ule wa tairi kwenye lami, na ndiyo sababu treni hutumia nishati kidogo. Wepesi huohuo ndio udhaifu wake mlimani, kwa sababu chuma hakishiki chuma. Reli nyingi nyepesi husanifiwa zisipande zaidi ya mita sita hadi nane kwa kila mita mia za mlalo, na reli ikiloa treni hulazimika kumwaga mchanga mbele ya magurudumu ili yapate kushika. Mbeya ina mvua kuanzia Novemba hadi Aprili, ina mpando wa kutoka barabara kuu kuelekea katikati ya mji, na ina mteremko wa Iwambi kuelekea Mbalizi ambao madereva wa malori wanauheshimu kwa sababu wanazozijua. Uhandisi hauwezi kushindwa na hilo, lakini kila mzunguko na kila daraja la kupunguza mwinamo ni fedha. Mabasi nayo hayajasalimika: kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi hewa ni nyepesi, na injini ya dizeli isiyo na tabochaja, kile kifaa cha kuisukumia hewa, hupoteza takribani asilimia moja ya nguvu kwa kila mita mia. Atakayenunua mabasi ya Mbeya asinakili vipimo vya mabasi ya pwani.

Kuhusu TAZARA, aliyeitaja ana wazo lenye mfano. Mwaka 2012, Dkt. Harrison Mwakyembe, mtu wa Kyela, akiwa Waziri wa Uchukuzi, zilianzishwa treni za abiria wa mjini Dar es Salaam kwa kutumia reli zilizokuwapo, moja wapo ikiwa hiyohiyo ya TAZARA, na watu wakaziita treni ya Mwakyembe. Zilisaidia. Lakini reli ya TAZARA, iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 kwa urefu wa kilomita 1,860, ni ya njia moja. Treni mbili zinazokutana hupishana stesheni tu, na mzigo wa Zambia ndio unaoilisha reli hiyo. Huwezi kupitisha treni ya abiria kila dakika kumi katikati ya treni ndefu za mizigo. Unaweza kupitisha chache asubuhi na chache jioni. Isitoshe, stesheni iko Iyunga na abiria wako wanakwenda Mwanjelwa, Kabwe na Stendi Kuu. Atakayeshuka Iyunga atatafuta bajaji tena. Treni mbili tatu za wafanyakazi na wanafunzi ningeziunga mkono kesho asubuhi, kwa sababu gharama yake ni ndogo, mradi pasiwe na mtu wa kuziita suluhisho la usafiri wa Mbeya.

Ningejenga nini basi? Mbeya ina bahati ya umbo. Mji umebanwa na milima ukanyooka kama ukanda, na karibu safari zote kubwa hupita barabara moja ya Uyole, Mafiati, Iyunga na Mbalizi. Ukiihudumia barabara hiyo umehudumia jiji. Lagos ilipoanza mwaka 2008, ilijenga kilomita 22 za njia ya mabasi kwa takribani dola milioni 1.7 kwa kilomita, bei ndogo mno kwa miradi ya aina hiyo, kwa sababu haikujenga barabara mpya. Ilitenga njia kwenye barabara iliyokuwapo, kwa kingo za zege palipokuwa na nafasi na kwa rangi tu palipobana, ikaweka vituo vya kawaida na tiketi za kulipia chini. Upanuzi wa barabara kuu kuwa njia nne, kati ya Nsalaga na Ifisi, kilomita 29, ndio wakati wa kulidai hilo, kwani kutenga mita saba au nane katikati wakati wa kujenga ni rahisi, na kuzirudisha baadaye ni kubomoa upya. Mita hizo ndizo zitakazotosha hata reli nyepesi ya njia mbili, siku abiria wa upande mmoja kwa saa watakapozidi elfu nane au kumi na umeme ukawa wa kutegemewa. Barabara ya mchepuo ya Uyole hadi Songwe, ya kuyaondoa malori mjini, ni sehemu ya jambo hilihili. Malori ya Tunduma yakibaki yanapita Mafiati, njia ya mabasi itavamiwa kabla rangi haijakauka.

Nije kwenye Coaster zako. Njia ya mabasi ikija, daladala haziwezi kubaki kwenye barabara hiyohiyo. Dar es Salaam ziliondolewa na kupangiwa njia nyingine. Usiyaone hayo kuwa mwisho wa biashara. Abiria wa basi kubwa lazima afikishwe kituoni, na kazi ya kumtoa Isyesye, Itezi au Igawilo hadi barabara kuu ni kazi ya Coaster na Hiace. Safari zinakuwa fupi, nauli ndogo na mizunguko mingi. Kabla ya kusaini mkopo, piga hesabu ya marejesho kwa mapato ya njia ya namna hiyo, wala usiyapige kwa mapato ya Uyole–Mbalizi ya leo. Gari likiweza kujilipa ndani ya miaka mitatu kwa hesabu hiyo kali, kopa. Lisipoweza, acha. Na kuna jambo ningekusihi kuliko yote: usiweke fremu za Ilomba kuwa dhamana. Barabara ileile inayoweza kuikata njia ya gari ndiyo inayoweza kuzikata fremu, na tukio moja lisikuchukulie vyote viwili.

Njia ya pili ni kuungana. Lagos, chama cha madereva na wamiliki wa mabasi kiliunda ushirika, na ushirika huo ukawa miongoni mwa waendeshaji wa mabasi mapya. Wamiliki wa Uyole–Mbalizi mkiwa na kampuni au ushirika uliosajiliwa, wenye hesabu zilizokaguliwa, mtakuwa na cha kuweka mezani siku zabuni itakapotangazwa. Mmoja mmoja mtaambiwa tu tarehe ya kuhama. Anzeni kwa kufika ofisi ya mkoa ya LATRA, mamlaka ya udhibiti wa usafiri wa ardhini, kuuliza masharti ya leseni za makundi.

Mambo ya fremu sitayamaliza kwa kuandika, kwa sababu yanategemea mita. Sheria ya Barabara ya 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Kwa kawaida jengo lililo ndani ya mita 22.5 hupigwa X nyekundu na halilipwi, na lile lililofuatwa na nyongeza ya sheria, kati ya mita 22.5 na 30, hupigwa X ya kijani na mwenyewe hustahili fidia. Wewe huna sababu ya kubahatisha. Nenda ofisi ya mkoa ya TANROADS, wakala wa barabara, ukiwa na hati au barua ya ofa ya kiwanja chako, omba fremu zipimwe, na uulize waziwazi kipimo kinaanzia katikati ya barabara ya zamani au ya ile mpya, maana barabara inapopanuliwa upande mmoja katikati husogea. Majibu yatake kwa maandishi. Ukiambiwa uko kwenye kijani, tafuta mthamini aliyesajiliwa kabla ya kusaini fomu yoyote ya fidia. Ukiambiwa nyekundu na wewe una ofa ya halmashauri ya zamani, hilo si jambo la kumwandikia mtaalamu wa usafiri tena, muone wakili. Wapangaji wa fremu waambie hali ilivyo, na mikataba yao iandikwe kwa mwaka mmoja mmoja hadi kipimo kitakapotoka.